Wiki ya Kwanza Ugenini: Nasaha kwa Wanafunzi wa Mombasa na Jamaa Zao

(Nakala ya hotuba kwa wanafunzi wanaojiandaa kwenda kusoma ng'ambo)



Kila mwaka, Agosti na Septemba, familia za Kibokoni, Kuze, Tudor na mitaa mingine ya kisiwa hiki husindikiza watoto wao kwenda kusoma ng'ambo. Sanduku hupimwa mara mbili au tatu, achari ya maembe hufungwa vizuri isimwagike, na dua husomwa. Lakini siku saba za mwanzo huko aendako mtoto hazizungumzwi sana, ilhali ndizo zinazomlemea.

Mombasa ina mfano wake. Profesa Ali Mazrui alizaliwa hapa mwaka 1933, mwana wa Sheikh Al-Amin Mazrui aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Katika mtihani wa Cambridge wa mwaka 1949 alipata daraja la tatu, na daraja hilo halikutosha kumwingiza Makerere. Akawa karani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor. Hotuba aliyoitoa katika sherehe ya Maulidi ilimvutia Gavana Philip Mitchell, na mlango wa ufadhili ukaanza kufunguka. Mwaka 1955, akiwa na miaka 22, alifika Huddersfield, mji wa viwanda vya sufu kaskazini mwa Uingereza.

Huko hakuanza na chuo kikuu. Alimalizia kwanza masomo ya sekondari. Ndipo akaingia Chuo Kikuu cha Manchester, akahitimu mwaka 1960, akaenda Columbia jijini New York, kisha Oxford. Makerere, iliyomnyima nafasi ya mwanafunzi, ikaja kumpa kiti cha uprofesa. Alipofariki mwaka 2014 alirudishwa nyumbani, akazikwa katika makaburi ya ukoo wake karibu na Fort Jesus.

Kijana atakayeona wiki ya kwanza kwamba wenzake wanaelewa mhadhara upesi kuliko yeye, aukumbuke mwanzo huo. Kuanza nyuma si kushindwa. Kinachoangusha wengi ni kunyamaza.

Sababu za kunyamaza huanza na mambo madogo. Mombasa jua hutua baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. London, mwisho wa Septemba hutua kabla ya saa moja. Kufika katikati ya Desemba hutua kabla ya saa kumi. Mwanafunzi hutoka darasani akakuta giza, Magharibi imeshaingia, na hakusikia adhana. Jirani hupita bila salamu. Kwa aliyezoea kuamkiwa kila kona ya Mji wa Kale, hilo huuma kama dharau. Si dharau, ndivyo watu wa miji ile wanavyoishi. Wengi wao humjibu vizuri anayeanza kuwasalimu.

Yako pia mambo ya kushughulikia mapema. Chumba kilichoonekana kwa picha tu kisilipiwe amana. Ofisi ya makazi ya chuo iulizwe kwanza. Uingereza, mwanafunzi aliyelipa ada ya afya alipoomba viza ana haki ya kujiandikisha kwa daktari wa mtaa. Ajiandikishe akiwa mzima, asingoje homa. Kazi nayo ina mpaka: mwanafunzi wa shahada kwa kawaida huruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Anayezidisha huhatarisha viza yake. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni katika chuo ipo kwa maswali kama haya, na kuuliza hakumpunguzii mtu heshima.

Upande wa nyumbani nao una wajibu. Mara nyingi simu ya kwanza huwa fupi. Mama huuliza, "U salama, mwanangu?" Mtoto hujibu, "Niko sawa, mama." Huenda hajala tangu jana. Anajua nauli yake ilichangwa na ami, shangazi na majirani, na anaona haya kulalamika. Maswali madogo humsaidia zaidi: Leo umekula nini? Umelala saa ngapi? Umezungumza na nani? Majibu ya hayo hayafichiki kwa urahisi.

Na wiki hiyo ya kwanza si wakati wa kumwagizia simu au kumwomba karo ya mdogo wake. Bado anahesabu nauli ya basi. Maombi yakimfuata mapema, ataongeza saa za kazi, na masomo ndiyo yatakayolipa.

Kwa hivyo, kabla ya siku ya safari, kila familia ikae kitako na mtoto wao na ikubaliane mambo matatu: siku na saa ya kupigiana simu, kwa kuzingatia tofauti ya saa, fedha za akiba za mwezi wa kwanza, ambazo hazitaguswa kwa jambo jingine, na jina la mtu mmoja, awe hapa au huko, ambaye kijana ataweza kumwambia "nimeshindwa" bila kuogopa lawama.

Safari njema.