Baada ya Hukumu Kusomwa: Mahakama ya Afrika na Wajibu wa Nchi Wanachama

Mada kwa semina ya mawakili na wasaidizi wa kisheria, Arusha

1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze jinsi ushirikiano wa kimataifa unavyokuza haki za binadamu. Maana ya haki hizo tunaifahamu sote, na Mkataba wa Afrika wa 1981 tumeusoma. Sitakaa hapo.

2. Chombo chenyewe

Itifaki iliyounda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipitishwa Ouagadougou mwaka 1998 na kuanza kutumika Januari 2004. Mtu binafsi hufungua shauri moja kwa moja iwapo tu nchi anayoishtaki imetoa tamko chini ya Ibara ya 34(6). Rwanda iliondoa tamko lake 2016, Tanzania 2019, Benin na Côte d'Ivoire 2020. Hilo ni pigo, na limesemwa sana. Langu leo ni lile linalofuata hukumu ikishasomwa.

3. Tatizo: kukaza hukumu

Katika mahakama zetu, mshinda tuzo asipolipwa huomba kukaza hukumu, na dalali wa mahakama hupewa amri ya kukamata mali. Mahakama ya Afrika haina dalali. Ibara ya 30 ya Itifaki inazitaka nchi zitekeleze zenyewe. Ibara ya 29 inawapa mawaziri wa Umoja wa Afrika kazi ya kufuatilia. Ibara ya 31 inaitaka Mahakama itaje kwenye ripoti yake ya mwaka nchi ambazo hazikutekeleza. Basi.

Tuangalie matokeo. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama iliamua kwamba Tanzania kumzuia mgombea binafsi ni kukiuka Mkataba. Mchungaji Christopher Mtikila, mmoja wa walioshinda shauri hilo, alifariki Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu ambao haukuwa na mgombea binafsi hata mmoja. Uchaguzi wa 2020 ulikuwa vivyo hivyo.

Mei 2017 Waogiek wa msitu wa Mau waliishinda Kenya. Juni 2022 Mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya 157,850,000, na ardhi yao ipimwe na kupewa hati ya pamoja. Novemba 2023, huko Sasimwani, Waogiek waliondolewa msituni na nyumba zao zikabomolewa.

Sisemi serikali hazina hoja. Kubadili katiba kuna taratibu zake, na kuhifadhi msitu ni jambo zito. Lakini hoja hizo zilisikilizwa na kuamuliwa. Kinachokwamisha sasa ni kwamba hukumu ikifika nyumbani haina mwenyewe. Ofisi ya kwanza inakwambia jalada liko ya pili. Ya pili inasubiri maelekezo. Ya tatu haina fungu la bajeti. Mteja anapiga simu: "Wakili, si tulishinda?" Nimelijibu swali hilo kwa miaka mingi, na sina jibu linalomtosha.

4. Mapendekezo

(a) Kila nchi itunge sheria inayotaja ofisi moja yenye dhamana ya kutekeleza hukumu za Mahakama.
(b) Fidia zitengewe fungu katika bajeti ya kila mwaka.
(c) Ofisi hiyo iwasilishe bungeni taarifa ya utekelezaji, hukumu kwa hukumu.
(d) Mawaziri wa Umoja wa Afrika waijadili ripoti ya Mahakama hadharani, na nchi iliyotajwa ijieleze.
(e) Nchi zilizoondoa matamko ziyarejeshe.
(f) Hukumu zitolewe pia kwa Kiswahili, ziwafikie walioshinda.
(g) Mawakili tuendelee kudai utekelezaji, hasa kwa ofisi iliyotajwa katika (a).

5. Hitimisho

Ushirikiano wa kimataifa umetupa mkataba, mahakama na majaji. Utekelezaji unabaki mikononi mwa serikali zetu wenyewe, na sisi ndio wa kuzikumbusha. Ndugu zangu, tusifunge jalada siku hukumu inaposomwa. Tulifunge siku mteja anapopata alichoamriwa kupewa.