Kwa Nini Leo Tumeingia kwa Mlango wa Pembeni

(Hotuba ya Mchungaji wa Usharika katika sikukuu ya Jubilei ya Miaka Mia Moja, mwezi wa Julai)



Wengi wenu mmetoka mbali, mkaipanda milima hii ya Ukinga katika mwezi ambao hata sisi wenyeji hatupendi kutoka nje kabla jua halijachomoza. Mlipofika mlikuta mlango mkubwa wa kanisa umefungwa, ngazi zake zimezungushiwa kamba, na zege lake limechimbwa kama shamba lililolimwa. Mkaongozwa kuingia kwa mlango wa pembeni wanaoutumia wanakwaya. Si desturi yetu kumpokea mgeni hivyo, tena siku ya jubilei. Nimeombwa niseme machache kuhusu majengo ya usharika. Naomba niseme juu ya ngazi hizo tu, kwa kuwa ndani yake imo historia yetu, na limo ungamo langu mimi mchungaji wenu.

Ngazi hizo zilijengwa katika miaka ya 1960, muda si mrefu baada ya makanisa saba ya Kilutheri kuungana tarehe 19 Juni 1963 na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Baba zetu walibeba mchanga kutoka mtoni. Mama zetu waliketi wakagonga mawe kwa nyundo mpaka yakawa kokoto. Hapakuwa na mashine ya kuchanganyia. Palikuwa na koleo, ndoo na nyimbo. Zege hilo limebeba maharusi wetu na majeneza yetu kwa zaidi ya nusu karne. Kwa hiyo nisisikike nikiwalaumu waliolimwaga. Lilichakaa kwa sababu lilitumika, na kwa sababu linakaa nje, katika nchi ya baridi.

Ndugu zetu watokao mabondeni huenda hawajui maana ya maneno hayo. Kuanzia Juni hadi Agosti, hasa huko juu kuelekea Kitulo, ambako uwanda umepita mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, asubuhi nyingi majani huwa meupe kwa sakitu. Zege lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na vitundu hivyo hunywa maji. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na yakikosa nafasi husukuma kuta za vitundu hivyo. Mchana jua huyayeyusha, usiku yanaganda tena. Sakitu yetu si kali kama baridi ya Ulaya, nayo hailipasui kirahisi zege lililokomaa na lenye nguvu. Huanza na ngozi ya juu, mahali maji yanapotuama na kuvu ya kijani inapoyashikilia. Ngozi hulegea, miguu huisaga, mvua huichukua, na kokoto hubaki zimetokeza kama meno.

Hivyo ndivyo ngazi zetu zilivyokuwa mwaka 2009, katika kipindi changu cha kwanza cha utumishi hapa. Tulikuwa tunangoja wageni wa sikukuu ya mavuno. Ilikuwa Julai, kama leo. Niliona aibu, nikaagiza ngazi zitengenezwe kwa siku tatu. Fundi aliniambia muda hautoshi. Nikamjibu kwamba wageni hawatamngoja.

Tulifagia vumbi tu, kuvu ikabaki. Tulichanganya saruji na mchanga kwa maji mengi ili kazi iwe nyepesi. Tukapaka tabaka jembamba, unene wa kidole kimoja, juu ya zege lililokwisha kulegea. Kisha tukapiga niru mpaka ngazi zikang'aa. Usiku ule sakitu ilianguka, nasi hatukufunika kitu. Sikukuu ikafana, na wageni wakatusifu.

Mvua za kwanza ziliponyesha, niru ile ilianza kuvimba na kubanduka kama gamba. Palipobaki bila kubanduka paliteleza. Jumapili moja mama mmoja wa Umoja wa Wanawake aliteleza akavunjika mkono. Nilipokwenda kumwombea aliniambia kwa upole, "Baba Mchungaji, pale pabovu nilipita salama. Nimeanguka pale palipong'aa." Mama huyo yupo hapa leo. Ameingia kwa mlango wa pembeni pamoja nanyi, na ameniruhusu niyaseme haya.

Wapendwa, Bwana wetu alisema kwa mfano juu ya kiraka kipya katika vazi kuukuu, nami nilikuwa nimeuhubiri mfano huo mara nyingi. Sikuutambua ulipokuwa mlangoni pangu. Fedha ile ilikuwa sadaka: magunia ya viazi na ngano ya wajane. Niliitumia kufunika aibu yangu. Nilikwisha kuungama mbele ya baraza la wazee, na leo naungama mbele yenu wote.

Sasa niwaeleze yanayofanyika safari hii, ili vijana wetu wayashike.

Kwanza, fundi aligonga kila ngazi kwa nyundo. Zege zima hulia kwa sauti kali. Lililoachana ndani hulia kama mtungi mtupu. Kila palipolia vibaya pamechimbwa kwa tindo mpaka pagumu. Kingo za machimbo zimekatwa wima, kwa maana tabaka linaloishia kwa ncha nyembamba huvunjika pale kwenye ncha. Tulidhani ubovu ungekuwa katika ngazi mbili. Umekutwa katika ngazi tano.

Pili, kabla ya kumwaga zege jipya, kuukuu litasuguliwa kwa brashi ya waya, kuvu na vumbi vitoke vyote. Kisha litaloweshwa usiku kucha, ili lisije likanyonya maji ya zege jipya. Asubuhi maji yaliyotuama yataondolewa, jiwe libaki na unyevu bila dimbwi. Ndipo uji mzito wa saruji utasuguliwa juu yake kwa brashi, na zege jipya limwagwe uji huo ukiwa bado mbichi. Uji ukikauka kwanza, badala ya kuunganisha hutenganisha.

Tatu, tabaka jipya litakuwa na unene wa sentimita 5, kwa kipimo cha saruji moja, mchanga moja na nusu na kokoto ndogo tatu. Mfuko wa kilo 50 hautapewa maji zaidi ya lita 22, na mchanga ukiwa umelowa yatapunguzwa. Maji ya ziada humfurahisha mchanganyaji siku moja tu, kisha huacha vitundu vingi vya kunywa maji ya mvua. Kila ngazi itainamishwa kidogo kuelekea nje, kiasi cha sentimita 2 kwa kila mita, maji yasilale. Na niru haitapigwa. Uso utaburutwa kwa ufagio, ili mguu wa mzee upate pa kushika.

Nne, majira. Saruji hukomaa kwa kuungana na maji, na baridi huchelewesha kazi hiyo. Chini ya nyuzi joto 5 karibu inasimama. Zege bichi likiganda kabla halijapata nguvu, nguvu iliyopotea hairudi hata ukilimwagilia mwaka mzima. Ndiyo maana wazee wa usharika walipogundua mwezi Mei kwamba ubovu ni mkubwa, waliona kazi haiwezi kwisha kabla ya sakitu.

Wapo walioshauri tupake kitu juu, angalau kwa ajili ya siku ya leo, kisha tubomoe baadaye. Hawakuwa na nia mbaya. Walitaka Baba Askofu apite mlango wa heshima. Baraza liliketi mpaka usiku. Mwishowe mzee mmoja aliuliza kama tunataka kuanza karne ya pili kwa namna tuliyotengeneza ngazi mwaka 2009. Hakuna aliyejibu, na shauri likaisha.

Kwa hiyo zege litamwagwa mwezi wa Oktoba, usiku unapopungua baridi na kabla mvua kubwa hazijaanza. Litafunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa na turubai, na usiku tutaongeza majani makavu juu yake. Litamwagiliwa kwa muda wa siku 14. Kila jumuiya imepewa siku yake. Naomba asiwepo atakayesema kumwagilia ni kazi ya fundi. Fundi anamwaga siku moja. Wanaolikomaza ni ninyi.

Baba Askofu, wazee wetu wa imani walitufundisha kwamba maisha yote ya Mkristo ni toba. Miaka mia moja ni mingi, na mahali pengi katika usharika wetu panang'aa. Yapo pia yaliyolegea chini yake: ndugu wasiosalimiana kwa sababu ya mpaka wa shamba, vijana walioondoka bila kuulizwa sababu, wajane tuliowakumbuka siku ya mavuno tu. Naomba jubilei hii isiwe niru juu ya hayo. Kila jumuiya igonge, isikilize, na ichimbe palipo pabovu hata kama wageni watapaona.

Tunawashukuru kwa kukubali kuinama katika mlango ule mdogo. Mkirudi mwakani, tutawapokea kwa mlango mkubwa, na mama yetu yule ameahidi kuwa wa kwanza kupanda.

Mungu awabariki. Amina.