Jina Eldoret, Mbio Nairobi

Alfajiri, kabla matatu za Cheptiret, nje ya Eldoret, hazijajaza abiria wa mjini, wakimbiaji huwa wameshamaliza kilomita zao kwenye barabara za murram. Murram hujenga miguu, hilo halina ubishi. Lakini kasi ya mita 1,500 haipimwi mahali penye mawe na ng'ombe wanaovuka njia. Inataka mzunguko wa mita 400 uliopimwa, na ndiyo maana Uwanja wa Kipchoge Keino mjini Eldoret ni mali ya Cheptiret kama ulivyo mali ya mji.

Mwenye jina ni mzaliwa wa Nandi. Kwenye Olimpiki ya 1968 jijini Mexico alikuwa mgonjwa wa kibofu cha nyongo, madaktari wamemkataza kukimbia. Inasimuliwa kwamba basi lilipokwama kwenye msongamano aliteremka na kukimbia hadi uwanjani. Kisha katika mita 1,500 akamwacha Mmarekani Jim Ryun kwa mita 20 hivi, kwa muda wa 3:34.9. Rekodi hiyo ya Olimpiki haikuvunjwa hadi 1984. Mwaka 1972 jijini Munich aliongeza dhahabu ya kuruka viunzi na maji.

Uwanja wenye jina zito namna hiyo ulipata siku zake mwaka 2016. Juni 30 na Julai 1, mchujo wa kitaifa wa Olimpiki ulitoka Nairobi ukaja Eldoret. David Rudisha, bingwa wa dunia, alimaliza wa tatu katika mita 800 mbele ya watu wanaojua mbio kuliko watangazaji wengi. Wiki chache baadaye alitwaa dhahabu mjini Rio, na Kenya ikarudi na dhahabu sita. Katika ufunguzi wa michezo hiyohiyo, Keino akawa mtu wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Olympic Laurel.

Halafu zikaja ahadi. Eldoret ilikuwa tayari kwenye orodha ya viwanja vya kisasa vilivyoahidiwa na manifesto ya muungano wa Jubilee ya 2013. Uwanja huu ukatajwa pia miongoni mwa vile vya kuandaa mashindano ya soka ya CHAN ya 2018. Septemba 2017 Kenya ikapokonywa mashindano hayo kwa kutokuwa tayari, na Morocco ikayachukua. CHAN ilipofika hatimaye Agosti 2025, mechi za Kenya zilichezwa kwenye viwanja vya Kasarani na Nyayo, Nairobi.

Hata mbio za Kip Keino Classic, zilizoanza Oktoba 2020, hufanyika Nairobi. Ni kwenye mbio hizo, Kasarani, ambapo Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 mwaka 2021. Waandaaji wana hoja zao, hoteli na ndege zikiwemo. Bado inachekesha kidogo: jina limebaki Eldoret, mbio ziko kwingine.

Uwanja wa matumizi mengi una wenyewe wengi: timu za soka, shule, sherehe za kitaifa, wanasiasa. Anayesahaulika upesi ni yule anayeuhitaji kila wiki. Njia ya kwanza ya mzunguko, iliyo karibu na nyasi, huchakaa kabla ya nyingine zote, kwa sababu kila mkimbiaji hupenda kukata ndani. Hapo ndipo raba hubanduka mapema. Jukwaa jipya la wageni haliwezi kuziba pengo hilo, wala geti lililofungwa kwa ukarabati halimsaidii kijana wa Cheptiret aliyelipa nauli kwenda na kurudi.

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 15, 2024, na uwanja huu uliwekwa kwenye ombi la Kenya, Uganda na Tanzania la kuandaa michuano ya soka ya AFCON ya 2027. Basi wanaosimamia ukarabati waanze na mzunguko wa kukimbilia kabla ya viti vya waheshimiwa, na wabandike getini ratiba ya mazoezi inayoheshimiwa hata wiki yenye mkutano wa siasa.