Mwili Kuuma Hedhi Inapokoma: Tiba za Nyumbani

Leo tunazungumza kuhusu magoti yanayouma ukiinuka kwenye kigoda, mabega yanayochoma ukifua, na vidole vinavyokataa kukunjika asubuhi.

Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma mama akikaa miezi 12 mfululizo bila kuiona. Wengi hufika hapo kati ya umri wa miaka 45 na 55, lakini maumivu yanaweza kuanza miaka kadhaa mapema, wakati hedhi bado inakuja kwa kurukaruka. Kwa lugha nyepesi, homoni iitwayo estrojeni hupungua mwilini. Kazi yake haikuwa uzazi peke yake. Ilisaidia pia kulinda mifupa na viungo. Ongeza hapo usiku wa kuamka umelowa jasho, bila usingizi wa kutosha, na maumivu huzidi. Kwa hivyo mama, hujarogwa, wala si uvivu, hata kama nyumbani wanasema hivyo.

Tuanze na joto. Chovya taulo katika maji ya moto ambayo mkono unaweza kuvumilia, likamue, uliweke juu ya goti au bega kwa dakika 15 hadi 20. Ama jaza chupa maji ya moto, uifunge vizuri na kuizungushia leso. Kama una kisukari, jihadhari zaidi, kwa maana mguu wenye ganzi huungua bila wewe kujua. Kuchuliwa kwa mafuta ya nazi pia hutuliza. Mwombe binti yako akuchue mgongo jioni. Lakini usisage pilipili ukajipaka. Itakuchoma ngozi, na ukijisahau, macho.

Tangawizi imechunguzwa na wataalamu, na kwa baadhi ya watu hupunguza maumivu ya viungo kidogo. Nasema kidogo. Manjano nayo ni hivyo hivyo, na ukiitia pamoja na pilipili manga mwili huifyonza vizuri zaidi. Kutia kwenye chai na mboga hakuna neno (sukari vijiko vinne kwenye hiyo chai ndiyo neno). Ila kama unameza dawa ya kuzuia damu kuganda, au ya kisukari, zungumza na daktari kabla ya kuanza kuzitumia kwa wingi.

Dawa ninayoiamini zaidi haiuzwi: ni kuufanyisha mwili mazoezi. Najua utaniambia, "Sista, mimi nalima kutwa, mazoezi ya nini tena?" Kulima ni kazi kweli, lakini kuinama saa nne mfululizo huumiza mgongo. Tembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki. Kisha keti kwenye kiti imara, uinuke bila kushika kitu, mara kumi. Ukishindwa kumi, anza na tatu. Na ule mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Beba wa lita kumi mara mbili, na ukiuinua kunja magoti, si mgongo.

Kwa mifupa, mama aliyepita miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Glasi moja ya maziwa ina kama 300. Nyingine utaipata kwenye uji wa wimbi, sukuma wiki na omena, ambayo huliwa na mifupa yake.

Sasa jambo linalonitia wasiwasi. Akina mama wengi hununua vidonge vya diklofenaki dukani na kuvimeza kila siku, mwezi baada ya mwezi. Dawa hiyo ikitumiwa hivyo inaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Ukiona choo cheusi kama lami, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Na ile "miti shamba" ya unga inayouzwa stendi, inayomaliza maumivu yote kwa siku moja? Iogope. Katika nchi mbalimbali, dawa za aina hiyo zimepimwa na kukutwa zimechanganywa na steroidi kwa siri.

Tena, si kila jasho la usiku ni hedhi kukoma. Brusela, ugonjwa unaotokana na mifugo na maziwa yasiyochemshwa, huleta homa, jasho na viungo kuuma. Kifua kikuu nacho huleta jasho la usiku. Ukiwa na homa, unakonda, au unakohoa kwa wiki mbili, omba kupimwa.

Nenda kituo cha afya pia kiungo kikivimba na kuwa na joto, ukiamka umekakamaa kwa zaidi ya saa nzima, au mgongo ukianza kuuma sana baada ya kuanguka kidogo tu. Na ukitokwa na damu baada ya ile miezi 12, hata tone, usingoje. Mlezi, mama akinyamaza kwa aibu, muulize wewe, mkiwa wawili tu, kisha umsindikize.

Kipindi kijacho tutazungumzia joto la ghafla na kukosa usingizi. Kwaherini.