Uzito wa Umri wa Kati na Chakula cha Ziwani katika Kaunti za Migori na Homa Bay

Mjadala wa kupunguza uzito katika kaunti za Migori na Homa Bay hauwezi kuanzia kwenye sahani, kwa kuwa kabla ya sahani ipo kumbukumbu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta virusi vya UKIMWI kwa asilimia 19.6 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 64 katika Homa Bay, kiwango cha juu kuliko kaunti nyingine yoyote nchini, na kwa asilimia 13 katika Migori. Na kabla ya dawa za ARV, yaani dawa za kufubaza virusi hivyo, kuenea, kukonda ndiyo dalili ambayo majirani waliitambua kwanza. Mwenye miaka 50 leo alikuwa kijana katika miaka hiyo na alizika watu wa rika lake, hivyo si ajabu kwamba akipungua kwa hiari yake huulizwa sokoni kama anaumwa. Jibu la kitabibu lipo: anayepungua polepole huku hamu ya chakula ikibaki palepale hafanani na anayekonda bila kutaka huku akikohoa au kutokwa na jasho usiku, ambaye anapaswa kupimwa bila kukawia.

Uzito uliozidi, hata hivyo, ni jambo halisi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya Wakenya watu wazima, wakiwemo asilimia 38.5 ya wanawake na asilimia 17.5 ya wanaume, walikuwa na uzito kupita kiasi au unene wa kupindukia, vitu vinavyopimwa kwa kugawanya kilo za mtu kwa mraba wa urefu wake katika mita, ambapo 25 ndipo uzito uliozidi unapoanzia na 30 ndipo unene wa kupindukia unapoanzia. Wengi husema ni umri, lakini kisingizio hicho kina ukweli mdogo kuliko kinavyodhaniwa: Herman Pontzer na wenzake, katika makala ya mwaka 2021 iliyotumia vipimo vya watu zaidi ya 6,000 kutoka nchi 29, walionyesha kwamba matumizi ya nishati ya mwili, yakilinganishwa na ukubwa wa mwili wenyewe, hayabadiliki sana kati ya miaka 20 na 60. Kinachobadilika ni kazi, kwani aliyevuta nyavu Mbita au kupalilia miwa Awendo sasa anaketi dukani au ofisini, misuli inapungua kwa kukosa kutumika, na kwa wanawake kukoma kwa hedhi huhamishia mafuta tumboni.

Ladha ya chakula cha Ziwa Viktoria haina hatia kubwa katika jambo hili. Ngege, yaani tilapia, aliyechemshwa kwa nyanya na vitunguu ana protini nyingi na mafuta kidogo, na protini hushibisha na kulinda misuli. Osuga, yaani mnavu, na dek, yaani mgagani, ambazo wapishi wa Kiluo huzituliza uchungu kwa maziwa na kuziacha zilale hadi kesho yake, ni mboga ambazo mtu anaweza kuongezewa mara mbili pasipo hasara yoyote. Hesabu huharibikia kwenye mafuta ya kupikia, kwa sababu gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ambazo ni vipimo vya nishati, ilhali gramu ya wanga ina 4, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta hukaribia kilokalori 120. Omena, yaani dagaa wa ziwani, waliozamishwa kwenye karai la mafuta kwa hiyo ni chakula kingine kabisa kuliko omena waliopikwa kwa kijiko kimoja cha mafuta na nyanya tele. Chai yenye sukari nyingi inafuata, kisha mlima wa ugali. Kubadili mahindi kwa mtama kunasifiwa kupita kiasi, kwani nishati ya nafaka hizo mbili inakaribiana, ingawa kuon ya mtama, yaani ugali wake, ina nyuzinyuzi zaidi kuliko ugali wa unga wa mahindi uliokobolewa.

Chumvi, ambayo inahusu presha zaidi kuliko uzito, nayo ina historia yake. Mwaka 1990 Neil Poulter na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Waluo waliohamia Nairobi kutoka vijijini, na wakaonyesha kwamba shinikizo lao la damu lilipanda mapema baada ya kuhama, huku sodiamu, madini yaliyomo katika chumvi, ikiongezeka katika mkojo wao na potasiamu, ambayo hupatikana kwa wingi katika mboga na matunda, ikipungua. Siku hizi chakula cha mjini kimefika Rongo na Oyugis bila mtu kuhama.

Kiasi cha uzito kinachohitaji kupunguzwa si kikubwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 uliowahusu watu waliokaribia kupata kisukari uliweka lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito, yaani kilo 6 na kidogo kwa mwenye kilo 90, pamoja na mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, na visa vipya vya kisukari vikapungua kwa asilimia 58. Kwa kuwa kukataa chakula kwenye matanga ni kuwavunjia heshima waliofiwa, upunguzaji huo hauna budi kufanyika katika milo ya kila siku nyumbani. Na hapo kliniki hukosea, kwa kumshauri mzee mwenye presha peke yake ilhali anayeshika chupa ya mafuta ni mkewe, mkaza mwana au msaidizi wa nyumbani, ambaye angepaswa kualikwa katika mazungumzo hayo tangu siku ya kwanza.