Mwalimu wa Sanaa na Ujasiri wa Mtoto

Mtoto wa darasa la saba huko Nsambya, Kampala, hufanya mtihani wa taifa wa masomo manne: Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii. Kuchora hakumo. Basi mwalimu akimcheka ng'ombe aliyechorwa akiwa na kichwa kikubwa kuliko tumbo, mbele ya darasa zima, hiyo huwa hukumu isiyo na rufaa.

Uganda imewahi kuona kinyume chake. Mwaka 1937 Mwingereza Margaret Trowell, mke wa daktari wa hospitali ya Mulago, alianza kufundisha sanaa barazani kwake. Hakuwapa wanafunzi picha za Ulaya wazinakili. Alisimulia tukio, nao wakachora walichokiona akilini. Mwaka 1939 kazi zao zilionyeshwa London. Darasa hilo ndilo lililozaa shule ya sanaa ya Makerere, walikopita Gregory Maloba wa Kenya, na Sam Ntiro na Elimo Njau kutoka Kilimanjaro.

Trowell analaumiwa, na ni haki, kwa kutaka Mwafrika akingwe na sanaa ya kigeni, kana kwamba ingemharibu. Lakini aliwaamini wanafunzi wake kabla wao hawajajiamini.

Maloba ndiye aliyeunda Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962: umbo refu lililoviringishwa vitambaa, limemwinua mtoto juu. Kutoka Nsambya hadi hapo ni mwendo mfupi wa taksi. Walimu, wapelekeni watoto wakauchore, na kalamu nyekundu ziachwe shuleni.