TAA ZA MITUMBWI: MAJI HUPITIA KWENYE MAUNGIO

(Maneno ya Kamati kwa wanachama, mkutano wa kijiji)



Sisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, wilaya ya Ludewa, huvua usipa usiku wa giza. Wazee walitumia karabai. Siku hizi wengi wetu tuna taa za betri. Lakini wimbi likiingia mtumbwini na taa ikazimika, hatuoni wavu wala mwenzetu, na mtumbwi mwingine hautuoni sisi. Hapo si samaki tu wanaopotea, ni roho za watu.

Kamati imezikagua taa zilizoharibika. Mara nyingi taa yenyewe ni nzima. Kilichooza ni maungio: waya umesokotwa ukafungwa utepe tu, au swichi ya nyumbani imepigiliwa ubaoni. Shaba imegeuka kijani. Utepe ule hauzuii maji, unayafungia ndani!

Sasa basi, vifaa tutavipata wapi? Tuanzie Njombe na Makambako, kwenye maduka ya spea. Lori na pikipiki hunyeshewa kila siku, ndiyo maana plagi zake nyingi zina pete ya mpira ndani. Za namna hiyo ndizo tunazozitaka. Swichi nayo iwe na kofia ya mpira.

Mnunuzi asome maandishi kwenye kifaa au boksi lake. Herufi IP hufuatwa na tarakimu mbili: ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. IP65 huhimili maji ya kurushwa kwa bomba, lakini haikupimwa kwa kuzamishwa. IP67 imepimwa ikiwa imezama mita 1 kwa dakika 30. IP68 hupita hapo, kwa kina anachokitaja mtengenezaji. Lakini maandishi peke yake yasituridhishe, maana kuandika ni rahisi.

Kwa hiyo tupime wenyewe. Kama ni boksi la maungio, weka karatasi kavu ndani, lifunge, lizamishe kwenye ndoo kwa jiwe, nusu saa. Lifute nje, lifungue. Karatasi ikilowa, lirudishwe dukani, risiti itunzwe.

Wakati wa kufunga, waya ushuke kwanza chini ya tundu ndipo upande kuingia, ili maji yadondoke nje. Fyuzi ikae karibu na betri.

Wapo wanaosema vifaa hivi ni ghali. Kweli, utepe ni rahisi, lakini hufungwa upya kila mara, na siku ya dhoruba hakuna wa kuufunga. Kamati inaomba mkutano ukubali, kabla ya kugawana ziada, fedha itengwe ya plagi na swichi kwa kila mtumbwi wa ushirika. Tuamue leo, kabla mwezi haujaingia gizani.

Ushirika ni nguvu.

KAMATI